Kiti Kilicho Wazi kwa Bi Rukia

Jumatatu, 3 Machi

Saruji tena. Malori mawili kabla ya saa nne, na vumbi limeingia hadi kwenye chai. Mimi ndiye karani wa ghala. Nasimama mlangoni, wapagazi wanapita na mifuko, naweka alama. Mfuko, alama. Mfuko, alama. Kidato cha nne nilikimalizia hili.

Lakini nina mke. Nikikumbuka hilo, hata vumbi linapendeza. Leo Nekesa ameniamsha kwa kunipulizia sikioni. Tumefunga ndoa juzi tu, baada ya Krismasi, na bado nikifungua mlango wetu hapa Kaloleni nikaona viatu vyake, moyo unaruka. Viatu tu. Yeye mwenyewe bado sijamwona.

Raha yangu ya pili ni kucha. Nilijifunza Mombasa, kwa binamu yangu mwenye saluni, nilipomaliza shule nikakosa kazi. Kucha za Nekesa za harusi nilizitengeneza mwenyewe, jeli ya rangi ya maziwa, na ua dogo kwenye kidole cha pete. Tangu siku hiyo akina mama wa kwaya wananijia kila Jumapili baada ya ibada. Nikishika tupa ya kucha, na mkono wa mtu umetulia mbele yangu, sisikii njaa wala joto la Voi. Ghalani nasikia vyote viwili.

Jumatano, 5 Machi

Bi Rukia amenipa kiti. Nimeandika hivyo ili nikione kwenye karatasi. Bi Rukia ndiye mwenye saluni ya karibu na soko. Msichana wake wa kucha ameolewa, amehamia Malindi, na Idi inakuja, wanawake watajaa.

"Nimeziona kucha za mkeo, mwanangu," aliniambia. "Kiti kikikaa wazi sana huwa cha kuwekea mikoba."

Nikamuuliza kama wanawake watakubali mwanamume.

"Atakayetaka atakaa. Asiyetaka nitampaka hina mwenyewe. Wewe unatafuta kazi au unatafuta sababu?"

Amefunga Ramadhani, kwa hiyo sikukaa kumchosha kwa maneno. Nilirudi nyumbani nusu nikikimbia. Nekesa alikuwa anaponda kimanga, chakula chetu sisi Wataita cha muhogo na maharagwe, anajifunza kwa ajili yangu. Kilikuwa majimaji. Nimekila chote na ningekula kingine. Nilipomweleza alinikumbatia na mwiko mkononi, maharagwe yakabaki mgongoni mwa shati langu. Sitaki kulifua.

Halafu akashusha mwiko. "Baba," akasema.

Kwa baba yake mimi ni karani. Ndivyo nilivyojulishwa siku ya posa: kijana Mtaita, karani, ana kazi ya kudumu. Si vizuri asikie kwa majirani. Jumapili tutaenda Mwatate tumwambie sisi wenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekosea hesabu ya mifuko, ikabidi lori zima lipakuliwe tena. Nilikuwa nawaza kama rangi ya zambarau ingempendeza Nekesa. Meneja akaniuliza mbele ya wapagazi, "Mwadime, hii ni ndoa au ni malaria?" Wamecheka hadi wakakaa chini. Nikacheka nao. Ni ndoa.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya.

Wazazi wa Nekesa ni watu wa Bungoma. Walikuja huku wakiwa vijana kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wakazeekea huku. Baba mkwe alikata mkonge hadi akawa mnyapara. Mama mkwe alikuwa akianika nyuzi. Na kwao mkwe wa kiume hashiki mkono wa mama mkwe, wala hakai karibu naye. Siku ya posa sikulijua hilo. Kwa mama yangu kule Wundanyi kila anayeingia hupewa mkono. Nilinyoosha wangu, mama mkwe akaficha mikono yake chini ya leso. Nilitamani niwe mfuko wa saruji, nibebwe nitolewe nje.

Leo alinisalimia kutoka mlango wa jikoni. Nami nikaitikia nikiangalia mkeka, kama nilivyofundishwa.

Tulipomaliza kula nikaeleza habari ya kiti. Baba mkwe aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo nilimwoza binti yangu kwa mtu wa saruji, sasa naletewa mtu wa rangi."

Nikasema ni kazi safi, ina heshima. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Mkwe, mkono wa huyu mama hujawahi kuushika. Hiyo ndiyo heshima. Hao utakaowashika kutwa nzima, si mama wakwe wa watu?"

Swali hilo nimelibeba hadi nyumbani. Njia nzima mkono wa Nekesa ulikuwa kwenye mapaja yake, si kwenye wangu.

Jumatatu, 10 Machi

Chai ilikuwa na sukari, lakini hakunipulizia sikio. Nimemwambia basi, nitabaki na saruji, yaishe. Akasema hilo hakuniomba. Akasema, "Nakutakia ile kazi. Na baba yangu nampenda. Usinifanye nichague leo."

Nimemwelewa. Ninampenda hata akinikasirikia, na nadhani hakunikasirikia. Amekwama tu, na mimi ndiye niliyemkwamisha.

Lori moja tu leo. Muda mwingi wa kuwaza. Afadhali yangekuwa kumi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepita kwa Bi Rukia kumwomba anisubiri. Kuna msichana wa Taveta ameulizia kiti, na ana vyombo vyake mwenyewe. Bi Rukia atangoja mpaka mwisho wa wiki ijayo, basi. "Nakupenda, mwanangu, lakini Idi haitakungoja wewe."

Nakitaka kile kiti. Nakitaka hadi naona haya. Kiko dirishani, mwanga unaingia kutoka kushoto, hutakosea hata mstari mwembamba kabisa. Nimesimama pale nikakiangalia kama mtu anayeangalia nyama buchani.

Ijumaa, 14 Machi

Mama mkwe amempigia Nekesa simu. Ukucha wa kidole gumba cha mguu umemwingia kwenye nyama. Miaka yote ile ya gambuti za kubana mashambani, na hakumwambia mtu. Kumbe Jumapili alikuwa anachechemea mbele yangu, nami nikiangalia mkeka. Zahanati wamempa dawa na uvimbe umeshuka. Wamemwambia aloweke mguu na ukucha ukatwe vizuri. Kuinama hawezi. Baba mkwe alijaribu na wembe, mama akamfukuza na mwiko.

Nekesa akaniangalia. "Wewe unajua kukata."

"Mimi siwezi kumgusa."

"Najua huwezi."

Tukaangaliana, tukaanza kucheka, tukacheka hadi jirani akagonga ukuta. Kicheko cha kwanza wiki hii. Nilikuwa nimekikosa kama maji.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeomba ruhusa, tumeenda Mwatate na vyombo vyangu. Nilivichemsha kabla hatujatoka.

Mama mkwe alikaa ndani, mguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Nekesa alikaa chini mbele yake. Mimi nilikaa nje chini ya dirisha, kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikiwapa mgongo. Kila neno lilisikika. Lakini desturi ni desturi.

"Ukucha umelainika?" nikauliza.

"Mama, anauliza kama umelainika."

"Mwambie umelainika."

"Anasema umelainika."

"Nimesikia."

"Usiseme umesikia. Ngoja nikuambie mimi."

Nikamwambia akate moja kwa moja, kama anayekata kitambaa, asizungushe pembeni, maana pembe ikizungushwa ndiyo hurudi kuchoma. Akate kidogo, apumzike. Kipande cha pamba chini ya pembe, taratibu, asisukume. Kukiwa na usaha aache, warudi zahanati. Hakukuwa na usaha. Nilimsikia mama mkwe akivuta pumzi kwa meno. Jasho likanitoka kuliko siku ya harusi. Sijawahi kuhangaikia mguu wa mtu namna ile, na sijauona.

Katikati ya kazi baba mkwe akaingia kutoka dukani. Akanikuta nimekaa kwenye ndoo, nikiliambia banda la kuku, "Sasa tupa, upande mmoja tu, usirudirudi." Nikakatiza. Akaniangalia. Akavuta gogo, akakaa kando yangu, naye akalipa dirisha mgongo.

Mwishowe mama mkwe akasema kwa sauti, "Nekesa, mwambie huyo mtu aendelee. Mguu wangu umebaki hewani."

Nikaendelea.

Walipomaliza, mama akatoka mlango wa jikoni, akatembea mpaka kwenye banda la kuku na kurudi. Nilisikia nyayo zake, zote mbili, sawasawa. Baba mkwe alikuwa akisikiliza pia.

"Sijasema ndiyo," akaniambia.

"Ndiyo, baba."

Tukiwa barabarani Nekesa alinishika mkono mbele za watu, akaushika hadi Voi. Nimeoa malkia. Hata kama nitahesabu saruji hadi uzeeni, nimeoa malkia.

Jumanne, 18 Machi

Kimya kutoka Mwatate. Saruji. Sina hamu ya kuandika.

Alhamisi, 20 Machi

Mama mkwe ametuma kifurushi kwa mtu wa bodaboda wa kwao. Ndani mto mdogo, mrefu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi vidoleni, ameushona kwa leso na kuujaza nyuzi za mkonge zilizochambuliwa hadi zikalainika. Halafu akampigia Nekesa, na Nekesa akanipa ujumbe vile vile ulivyosemwa:

"Mwambie mumeo, mama wa watu alaze mkono wake hapa, usilale kwenye mkono wa mwanamume. Yeye ashike ukucha tu. Baba yako ameuona mto. Hakusema kitu, na mimi najua akinyamaza hivyo maana yake nini."

Nimelia. Naandika ukweli. Nekesa alinipangusa kwa upindo wa kanga yake akisema mtu wa rangi asiharibu mto wa mamake.

Jioni hii hii nimemwambia Bi Rukia nakuja. Akasema, "Alhamdulillahi, nimechoka kuona mikoba."

Ijumaa, 21 Machi

Nimempa meneja barua. Akasema nisingoje hata mwisho wa mwezi, vijana wamejaa mlangoni. Nilidhani nitaumia. Sikuumia. Wapagazi wamenipa mikono, mmoja akaniuliza kama naweza kumtengenezea mkewe kucha kwa bei ya rafiki.

Jumatatu, 24 Machi

Siku yangu ya kwanza. Mvua imenyesha asubuhi, ya kwanza kubwa mwaka huu, soko likawa tope. Mteja mmoja tu. Mama mtu mzima, mwalimu wa Mbololo. Alisimama sana akiniangalia, akauangalia mto, akakaa. Alitaka rangi isiyoonekana. Nilimaliza taratibu kuliko ilivyohitajika. Alinyoosha vidole dirishani, akavitazama, akaondoka bila kusema kama atarudi.

Nikafagia. Bi Rukia akanionyesha mahali pa kutundika koti.

Nyumbani Nekesa aliniambia baba yake amepiga simu. Hakuulizia kazi. Aliuliza kama nimekula. Nekesa akamjibu nimekula, nimeshiba. Nilikuwa sijala. Tukakaa, tukala.