Mvua Ni Ile Ile

Jumanne, 8 Aprili 2025
Leso zimefika. Zinanuka dizeli! Nimezianika uani tangu asubuhi, bado tu. Nani atajifunga leso inayonuka gereji?

Lakini maneno yametoka vizuri, lazima niseme. MVUA NI ILE ILE, HOFU NDIYO MPYA. Nilitunga mwenyewe huku nakaanga mahamri. Wale wa Taasisi ya Fikra Huru walitaka jina la leso la kutuliza watu wakati wa masika. Whitney, msichana wa ofisi yao mwenye kucha ndefu, aliruka kwa furaha hapa dukani kwangu pa leso. "Auntie Yumna, hii imeweza!" Akina mama wa mitaa ya mtoni, Majengo na Gikomba, wanagawiwa bure. Nikafurahi, mimi.

Kaka yangu Saif kapiga simu. Amepata chumba Kariobangi, ghorofa ya pili, cha Mama. Na Mama amekubali — hatimaye! Mwaka jana mto uliingia mpaka kitandani kwake kule Gikomba, na jirani yake akachukuliwa na maji. Ijumaa tunamhamisha. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 11 Aprili
Hahami!

Tumefika na mkokoteni, Mama amekaa mlangoni anachambua mchele. Amejifunga leso yangu. Hajafunga hata sufuria moja. Eti kuna daktari alikuja kwenye mkutano wa Taasisi, suti na tai, kasema wataalamu wenyewe hawajaafikiana kuhusu haya mambo ya joto la dunia. Mvua kubwa zilikuwepo tangu zamani. Saif akauliza, daktari wa nini? Mama hajui. Daktari ni daktari.

"Mama, kwani mwaka jana tuliota?" Saif kachemka.

"Na mvua kubwa ya miaka ya Uhuru niliiona nikiwa mtoto," Mama kamjibu. "Wewe hukuwepo."

Mkokoteni umerudi mtupu. Saif kausukuma njia nzima, amenipa mgongo. Angenitukana ningepata nafuu.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimeenda kumtafuta huyo daktari. Ofisi ya Taasisi ni chumba kimoja, kimefungwa. Askari wa mlangoni akanielekeza Industrial Area, kwenye viwanda, eti wote wako kule.

Kule ni wapi? Ghala la Zinduka Petroli! Mapipa mpaka darini, na katikati ya mapipa — leso. Leso zangu, marobota kwa marobota. Hapo ndipo nikajua ile harufu ilitoka wapi. Na Whitney huyo, na beji ya kampuni shingoni.

Hakushtuka hata. Kaniletea soda. Ndiyo, Zinduka ndio wanaoilipia Taasisi, mikutano na leso na yule daktari. Ni daktari wa mambo ya biashara.

"Lakini auntie, tulia. Hatujasema ni uongo. Tunasema tu watu wajiulize. Kwani kujiuliza ni vibaya?"

Nikamaliza soda yake, nikaondoka! Jibu nimelipata nikiwa nyumbani, naosha vyombo. Watu wa mtoni hawajiulizi, wanabaki. Na mwenye kuuza mafuta ndiye anayetaka tuseme moshi hauna kosa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nimeitunga mimi. Nina hasira!

Jumamosi, 19 Aprili
Harusi ya binti wa Bi Ummulkheir, jirani wa Mama. Na sare je? Leso yangu! Ukumbi mzima. Kila nikigeuka, HOFU NDIYO MPYA inanipita na sahani ya pilau. Wanawake wananipongeza.

Nimemvuta Bi Ummulkheir jikoni, nikamweleza: kampuni ya mafuta, daktari wa biashara, yote. Kaniangalia juu mpaka chini. Leo ndiyo siku ya kumwambia hayo? Au nina kijicho na sherehe yake? Nikaomba radhi. Mimi, nikaomba radhi!

Alhamisi, 24 Aprili
Mvua tangu jana. Tumekuja kwa Mama, mimi na Saif. Maji yameshapita kizingiti. Ameikunja leso, ameilaza mlangoni izuie. Imelowa, haizuii kitu.

Nimemweleza kila kitu, nikilia. Nilidhani atanibishia. Kumbe ameamini tangu neno la kwanza.

"Nilijua tangu harusini," kasema. Bi Ummulkheir alimwambia, wakacheka. Baadaye Mama akaacha kucheka.

Sasa mbona hajahama?

Kwa sababu ndiye aliyepita mlango kwa mlango kuzigawa. Kila mlango kasema maneno haya ni ya mwanangu, na mwanangu hasemi ovyo. Wakabaki. "Nikipanda mkokoteni leo, nawaachaje hawa? Na wewe nitakuwa nimekuacha uitwe muongo, hapa, bila hata kukutetea."

Saif ametaka kumbeba. Mama kamtazama tu, Saif akashusha mikono.

Basi ametoa sharti. Nipite milango ile ile aliyopita yeye, niseme kwa kinywa changu kwamba yale maneno yalinunuliwa. Wote wakishasikia, atahama.

Ninaandika hapa kitandani kwake, miguu juu, huku Saif ananitafutia viatu vya mvua. Naona aibu. Naogopa maji, na aibu naiogopa zaidi — hata sasa!

Mlango wa kwanza ni wa Bi Ummulkheir. Namwona dirishani kutoka hapa. Anachota maji kwa beseni, anamwaga nje, anachota tena. Amejifunga leso ile.