Kimeng'enya Kilichofia Kiganjani Mwangu

Mama Kulwa wangu,

Mwangaluka. Kabla ya yote, natangaza rasmi mbele yako, watoto na mbuzi wote wa Ibadakuli: mumeo amenunua kofia ya sufu. Inafunika masikio mpaka shingo. Wenzangu wa kazini wanasema nafanana na birika.

Hamjambo? Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kimevurugika.

Unajua huku Uholanzi naosha vyombo vya maabara. Wakubwa wanachunguza ubongo, jinsi unavyoshika kumbukumbu. Ndani ya ubongo kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kubandika alama kwenye protini nyingine, kama karani wa kugonga mihuri. Sasa sikia maajabu: hawakitoi kwenye ubongo. Wamechukua maelekezo ya kukiunda, wakawatilia bakteria, na bakteria ndio wanaokitengeneza! Nimeelezwa mara tatu, nikaitikia mara tatu, na sijaelewa hata moja.

Anneke, mwanafunzi aliyekitengeneza, ndiye rafiki yangu hapa. Siku moja alinitania, "Baba Kulwa, gramu kwa gramu, hiki kwa bei kinaishinda dhahabu yako ya Bulyanhulu."

"Binti, usiitukane dhahabu mbele ya mchimbaji," nikamjibu.

Tukacheka. Lakini neno lile liliniganda.

Juzi kimeng'enya kikagoma, hakibandiki chochote. Profesa akamwambia Anneke mbele yetu sote, "Umekiharibu mwenyewe. Jaribio hili nampa mwingine." Kazi ya miezi, Mama Kulwa! Alikuja kulia pale ninapooshea vyombo. "Nimekosea wapi?" akaniuliza. Nikampa chai, nikainama kwenye karo.

Nisalimie mama, kaka Masanja na ng'ombe wake anaowapenda kuliko sisi, na shemeji mwenye duka anayetupokelea barua.

Sasa nikwambie jambo lilivyokuwa hasa. Ijumaa, wenzangu walipokwenda kula, nilifungua friji ya kugandishia. Nilitaka tu kukiona kitu kinachoishinda dhahabu. Ndani ya kichupa cha Anneke mlikuwa na tone moja limeganda. Nikafanya kama tulivyofanya na karai la kutafutia dhahabu mgodini: nikakishika kichupa kiganjani tone liyeyuke, nikakizungusha taratibu, nikakiacha dirishani kitulie, maana kizito lazima kishuke chini. Hakikushuka kitu. Nikaona ni maji tu, nikakirudisha. Kumbe joto lile lile ndilo lililokiua kimeng'enya. Na binti alipolia nilikwisha kuelewa, ila niliogopa kufukuzwa, nikanyamaza siku mbili.

Leo asubuhi nimemwambia Anneke. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Tumeingia kwa profesa pamoja, nimesema kila kitu, hata habari ya karai. Anneke amerudishiwa jaribio lake. Mimi nimeambiwa nisubiri nje. Ndipo nilipo sasa, nakuandikia juu ya goti, na sijui nitakachoambiwa.

Mumeo,
Baba Kulwa