Joséline Si Mwoga

Kakese, Mpanda
Jumapili, 15 Septemba 2024

Kwa dada yangu mpendwa Générose,

Pokea salamu zangu wewe na shemeji Telesfori na watoto wote hapo Litapunga. Natumaini mu wazima, na kwamba kifua cha shemeji kimetulia, maana vumbi la mwaka huu limezidi. Sisi huku tunaendelea. Agatha ameota meno mawili ya chini na ananing'ata bila huruma. Baba yake bado yuko Mamba, anashinda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, anawasalimu sana.

Sikupiga simu kwa sababu shemeji simu yenu anaiweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikia, na maneno haya nikiyasema kwa mdomo najua nitayakatisha katikati. Barua anakuletea mama Theopista, yule mama anayetupikia uji hapa kwenye mafunzo ya mgambo.

Dada, nimesikia habari za huko. Nimesikia kwamba tangu mwanao Joséline arudi Jumatano, baba yake hasemi naye, na kwamba amesema binti amerithi uoga wa bibi yake na hatamlipia mafunzo mengine yoyote. Nimeambiwa hata watoto wa jirani wakimwona akienda kisimani wanapiga makofi kwa nguvu waone kama atakimbia. Naomba yote hayo yasimame mpaka umalize kusoma.

Marehemu mama tulimwona sote. Machimboni wakilipua baruti, alikuwa anaingia chini ya kitanda na sufuria mkononi, na hatukumcheka, maana alichokikimbia Burundi alikijua mwenyewe. Joséline hana hicho. Ulipomleta kwangu mwezi wa saba uliniambia nikae naye karibu, na nilikaa. Tumelala chumba kimoja, tumekimbia mchakamchaka bega kwa bega, na jioni mimi nikiwa sina hata nguvu ya kuvua buti, yeye ndiye aliyekuwa anafua nepi za Agatha huku akinitania kwamba mama mdogo wake anakoroma kama trekta. Mwoga namjua, siyo yeye.

Wiki iliyopita tulianza shabaha. Afande Leodgar, mkufunzi wetu wa silaha, alitumia asubuhi nzima kutusomesha habari ya maganda peke yake. Alisema bunduki ikipiga, risasi inakwenda mbele, lakini ganda lake la shaba linaruka upande wa kulia, na linakuwa la moto kama kitu kilichotolewa kwenye makaa. Kwa hiyo mkilala kwenye mstari, ganda la mwenzako wa kushoto linakuangukia wewe. Akatuamuru kofia zivaliwe, mikono ya shati ishushwe, na vifungo vifungwe vyote mpaka kwenye kola, hata kama jua linachoma. Likikuingia shatini hata hivyo, mtutu ubaki unaangalia shabaha, kidole kitoke kwenye triga, bunduki itiwe usalama na ilazwe chini, ndipo ulitafute. Akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo.

"Ganda litakuachia kovu. Ukigeuka na bunduki, utamwachia mwenzako kaburi. Chagua kuungua."

Kulikuwa na kijana mmoja wa Kisukuma, Mabula, mcheshi kupita kiasi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ngozi ya Msukuma ganda haliwezi, yeye atalitumia kukaangia yai. Tukacheka, afande akasikia, Mabula akarushwa kichura kuzunguka uwanja mzima.

Jumanne mchana zamu yetu ikafika. Kushoto kwangu alilala Mabula, kulia kwangu Joséline. Amri ikatolewa tukaanza kupiga. Katikati ya milio, Joséline akaiacha bunduki yake chini, akainuka, akakimbia kurudi nyuma, akapita waliokuwa wanasubiri zamu, akaenda kuchuchumaa nyuma ya gari. Afande akasimamisha mstari. Kuinuka bunduki zikiwa zinapiga ni kosa kubwa kuliko yote, na bunduki kuiacha ni la pili. Alimuuliza kwa nini amekimbia. Hakujibu. Afande akamwambia avue kofia arudi kwao, silaha si ya kila mtu. Mabula akasema Litapunga watampokea bingwa wa mbio. Watu wote wakacheka.

Mimi pia nilicheka, Générose. Nilicheka nao.

Hayo ndiyo waliyoyaona wote, na ndiyo yaliyofika kwenu. Sasa nakuambia ambayo hawakuyaona.

Nilipokubaliwa mafunzo nikiwa nanyonyesha, sharti lilikuwa moja, mtoto asisogee karibu na uwanja. Mama Theopista alikuwa anakaa naye ng'ambo ya korongo. Siku ile zamu zilichelewa, maziwa yakajaa mpaka matiti yakawa mawe. Shati la kombati ni la kiume, linabana, nikawa siwezi hata kuvuta pumzi. Walipotupa mapumziko nilikimbia kumnyonyesha, lakini alinyonya upande mmoja tu akalala, na filimbi ikapigwa. Nikarudi vifungo viwili vikiwa wazi, na kitambaa nimekisokomeza kifuani shati lisije likaonyesha alama ya maziwa mbele ya wanaume. Nilijua kola yangu iko wazi. Nilisema moyoni ni mara moja tu. Kumwambia afande kwamba matiti yananiuma, niliona aibu.

Ganda la Mabula likaruka, likaingia pale pale kwenye uwazi, likakwama katikati ya titi na kile kitambaa. Dada, sina la kulifananisha. Niliyofundishwa yote yalinitoka. Niliinuka kwa goti moja, mkono wa kushoto ukaingia kifuani, bunduki ikabaki kwenye mkono wa kulia na kidole kikiwa kwenye triga, na mwili wote ukageuka kulia. Ikapiga. Niliona udongo ukiruka mbele ya uso wa mwanao, karibu kiasi kwamba mchanga ulimwingia machoni. Milio ilikuwa mingi, mmoja zaidi hakuna aliyeutambua. Joséline akaniangalia, akauona mtutu, ndipo akakimbia.

Alinikimbia mimi. Siyo mlio, siyo bunduki. Alimkimbia mama yake mdogo, na nani asingekimbia?

Nami, wote wakiwa wanamtazama yeye, nilijilaza tena haraka kama vile sijainuka. Afande alipokuwa anamfokea nilikuwa nafunga vifungo. Tulipoambiwa tuokote maganda, lile lililoniunguza nalo nililitupa kwenye karai pamoja na mengine.

Jioni nilikuwa nimegeukia ukutani nikijifanya nalala. Joséline alikuja na asali kwenye kijiko, akanifungua shati mwenyewe, akanipaka pale palipobabuka. Hakuniuliza nimeunguaje. Akambeba Agatha mpaka akalala, asubuhi akafunga begi lake. Nilimsindikiza mpaka stendi na sikusema neno. Najua kwa nini alinyamaza. Alijua ile kampuni ya ulinzi inayotaka walinzi hainichukui bila cheti cha mgambo, na aliona nina mtoto wa kulisha.

Nimekaa na hilo siku hizi zote, maziwa yanakauka. Jana nilikwenda kwa afande Leodgar nikamwambia. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alinipa kijiti, akasema nimwonyeshe nilivyogeuka. Nilipomwonyesha akakaa chini, akafuta uso kwa kofia. Akasema nimeondolewa kwenye mafunzo, nikitaka nianze upya mwakani. Joséline anaweza kurudi na atapiga shabaha yake yote. Kesho kwenye gwaride nitasema mbele ya wote, Mabula akiwemo. Hilo nimeliomba mwenyewe.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Nakuomba mambo mawili, na haya hapana kunikatalia ingawa mimi ni mdogo. Shemeji aisikie barua yote, asisimuliwe, asomewe. Halafu Joséline aulizwe mbele yake kama anataka kurudi. Msimsukume. Akitaka, mimi nitakuwa nimeshahama chumba, kitanda ni chake. Asipotaka, pia ana haki, na asiitwe mwoga kwa hilo.

Nisalimie majirani na wote wanaoniulizia. Agatha anamsalimu dada yake.

Mama Theopista nimemwambia asubiri hapo mlangoni. Jibu asilitoe mtu mwingine, liandikwe kwa mkono wa Joséline mwenyewe, hata likiwa hapana.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Lidia