Nimeifungua Mashine, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na kwako Mama, maana najua daktari bado hajamruhusu Baba kusoma na wewe ndiye uliyeishika karatasi hii. Natumaini yale matone ya macho hayamchomi tena kama mwezi uliopita, na kwamba anakubali kupumzika, walau mchana. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wenu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anajiona mtu mzima. Anatema mate kila anapotamka jina lake na hataki kuchekwa.

Baba, nina habari ndefu, na kwa kuwa umeishi miaka thelathini na tano umeinamia redio za watu, nitakueleza kwa kituo.

Ule ukumbi wa mikutano ninaosimamia usafi wake umetandikwa zulia kutoka mlangoni hadi jukwaani. Kazi yote inategemea mashine moja ya kufyonza vumbi, kubwa kama pipa, ya gharama ambayo meneja huitaja kwa kunong'ona. Mwezi uliopita ilianza kunguruma vibaya na kutoa harufu ya kuungua. Jumanne asubuhi ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Na Ijumaa tulikuwa na mkutano wa watu mia sita.

Meneja akamwita fundi wa duka ilikonunuliwa. Akaja na shati lililonyooka, akabonyeza swichi, akanusa, akatangaza kwamba mota imeungua na mashine ya umri ule haitengenezwi tena, inabadilishwa tu. Hakulegeza hata skrubu moja, Baba. Badala yake alitoa kitabu cha picha na kumwonyesha meneja mashine mpya ambayo mtu anaipanda na kuiendesha kama gari, ikafanya kazi ya watu watatu. Meneja akavutiwa. Baadaye aliniita ofisini, akanieleza bila ubaya wowote kwamba wakiinunua hiyo itabidi tumpunguze mtu mmoja, na mkataba uliokuwa unakaribia kwisha ni wa Mama Pacha.

Mama Pacha ndiye mgeni zaidi kati yetu, analea mapacha wake peke yake. Si msemaji. Akikuta chingamu kwenye zulia haipiti hivi hivi kama wengine. Anapiga magoti na kuibandua kwa kijiko mpaka pasibaki alama. Nilimwomba meneja aniachie ile mashine hadi Alhamisi mchana.

"Na ukiiharibu?" akaniuliza.

"Fundi ameshasema imekufa. Nitaiuaje mara ya pili?"

Akacheka, akanipa ufunguo wa stoo.

Kabla sijashika bisibisi niliweka sharti na nafsi yangu. Nikikuta nyaya za mota zimekuwa nyeusi, nitakwenda mwenyewe kumwambia meneja anunue mpya, na Mama Pacha nitampigania kwa njia nyingine. Sikutaka kumrudishia mashine ya kubembeleza, ifanye kazi wiki moja kisha inifedheheshe.

Nilianza na waya wa umeme, ukawa mzima. Swichi, nzima. Chujio lilikuwa limeziba kama limekandikwa udongo, nikalisafisha. Kisha nikafungua mota yenyewe, na Baba, moyo ulinitulia palepale: nyaya zilikuwa bado na rangi yake ya shaba, na beringi zilizunguka kidoleni bila kukwaruza. Tatizo lilikuwa vile vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Kimoja kilibaki chembamba kama ukucha, kingine kilikuwa kimemeguka. Fundi wa shati lililonyooka angekaa dakika kumi tu angeviona.

Vya saizi yake havikupatikana. Dukani kwa wauza spea za drili nikapata vinavyokaribia, vinene kidogo, nikavisugua kwa msasa mpaka vikateleza vizuri mahali pake. Mama Pacha alikaa mbele yangu amepanga skrubu kwenye kifuniko cha kopo kwa mpangilio niliozitoa. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu mkataba, lakini habari za ofisini hazikai ofisini. Nilipokuwa nafunga, alisema neno moja tu.

"Dada, hata isipowaka, nimeona."

Ikawaka. Ilitoa cheche kidogo, ikatulia, ikanguruma kama mpya na kulivuta zulia dogo la mlangoni likang'ang'ania mdomoni mwake. Meneja alipokuja alitia kiganja chake pale penye bomba, likameza mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. Mkutano wa Ijumaa ulifanyika kwenye zulia safi. Mama Pacha ameongezewa mwaka mmoja. Na mimi, Baba, kuanzia tarehe mosi ni fundi wa vifaa wa kumbi zote tatu anazozisimamia meneja, nina meza yangu karibu na dirisha.

Meneja aliniuliza nani alinifundisha. Nikamjibu, ni baba yangu. Lakini wewe hukunifundisha. Wewe ulinikataza kugusa meza yako, ukisema kazi ile si ya msichana, na nilijifunza kwa kuchungulia.

Mama, hapa tafadhali soma polepole, wala usiruke mstari.

Baba, unaikumbuka redio ya Mwalimu Mkuu, iliyotengenezwa ulipokwenda kumzika mjomba wako? Kaka hakuitengeneza. Niliitengeneza mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Waya ulikuwa umeachia kwenye kitufe cha sauti, nikauchomelea, Kaka akiwa mlangoni anaangalia kama kuna mtu anakuja. Uliporudi na kuuliza, alifungua mdomo akuambie, nikamkanyaga mguu kwa kukuogopa. Ukamshika bega ukatembea naye mtaa mzima ukimtambulisha kwa watu kuwa ni fundi. Ukampeleka chuo cha ufundi kwa sababu ya redio ile. Na alipoacha chuo akaingia kwenye malori, ukamwambia ametupa kipaji chako jalalani, na ni mwaka wa kumi na moja sasa hamzungumzi zaidi ya salamu.

Hakutupa kitu, Baba. Hakuwahi kuwa nacho. Alisomea asichokipenda kwa ajili ya siri yangu, akanyamaza ulipomwita mvivu, na hata leo hajanilaumu. Kwenye usukani ni mtu mwingine. Ungemwona anavyolirudisha lori nyuma kwenye uchochoro ungejua mikono yake si ya bure. Kosa ni langu. Nilipaswa kusema siku ileile, na nimechelewa sana.

Jumamosi tunakuja wote. Yeye ndiye atakayeendesha. Hajui kwamba nimekuandikia haya, na mwenyewe hatasema, namfahamu. Nakuomba usimsubiri akusalimu yeye kwanza.

Mama, pole kwa kusoma, na asante. Wasalimie majirani wote. Baba, endelea na matone. Nawapenda nyote wawili.

Ni mimi,
Binti yenu