Baba Alivyobisha Hodi Ngomeni Mombasa

S.L.P. 37,
Kiomboi, Iramba.
21 Julai, 1974.

Kaka yangu mpendwa Chrispin,

Shikamoo. Habari za Kitwe, na za kazi ya chini ya ardhi? Kile kifua kimepoa? Wifi Anastasia na watoto hawajambo? Sisi huku Sekenke tu wazima, ila miguu yangu bado imevimba kwa kukaa ndani ya basi siku tatu. Mtama tumepata kiasi, na ndege nao wamechukua fungu lao.

Najua barua ikianza kumtaja Baba wewe huikunja. Hii usiikunje. Isome hadi mwisho, kisha kama ni kukasirika, kasirika.

Tulikwenda Mombasa kumwona mdogo wetu Klara. Mumewe amehamishiwa huko na shirika la reli, na Mungu amewapa mtoto wa kike. Tulikuwa Baba, Mama na mimi. Siku ya pili tu Baba akasema anataka kwenda kuiona Ngome ya Yesu, ile waliyoijenga Wareno, maana aliwahi kufika zamani. Nikamnong'oneza Klara kwamba mzee amekumbuka raha zake za ujana, tukacheka. Unaujua mdomo wangu, na wewe ndiwe uliyenifundisha kumcheka.

Klara akabaki na mtoto, sisi watatu tukaenda. Siku hizi ni makumbusho. Kuta zake zinakwenda juu mpaka shingo inauma, na wageni wamejaa. Mwongozaji alikuwa akitueleza habari za mizinga, nikageuka nikaona Baba hayupo.

Tulimkuta uwanjani, juani. Alikuwa ameweka mgongo kwenye ukuta, akaanza kutembea huku akihesabu hatua kwa sauti. Alipofika kumi na tisa akasimama, akavua viatu, akasema, "Hodi." Mbele yake hapakuwa na nyumba wala mlango, ni mchanga mtupu. Akangoja. Akasema tena, "Hodi."

Nikamwambia, "Baba, unambishia nani? Watu wanatutazama."

 Alimgeukia Mama, akamwambia, "Martha, hapa ndipo nilipolala miaka mitatu. Palikuwa na chumba. Wamekibomoa."

Kaka, ndipo nilipoelewa. Ngome ile kabla ya kufanywa makumbusho ilikuwa jela. Baba yetu alikuwa mfungwa.

Mambo yote aliyaeleza palepale, amekaa chini ndani ya chumba ambacho hakipo, wageni wakimzunguka. Alikuwa kuli bandarini. Mwaka ule wa njaa alipata habari kwamba Iramba watu wanakula mizizi. Akaiba gunia la mchele melini, akakamatwa stesheni akiwa amelibeba begani, anatafuta wa kulisafirisha. Basi. Hakuna mwanamke wa Mombasa. Ile miaka yote tuliyosema ameila mishahara kwa mwanamke, huyo mwanamke hakuwapo.

Nilimuuliza, karibu kwa kufoka, kwa nini alituacha tumseme hivyo miaka thelathini. Akasema afadhali watoto wamwite baba yao mhuni kuliko mwizi. Nami nilishamwita mhuni, tena mbele ya wanangu. 

Mama hakulia. Alimuuliza, "Ulikuwa ukila nini?"

Baba akasema, "Uji." Mama akatikisa kichwa, akamvalisha viatu, akamfunga kamba kama mtoto, tukarudi kwa Klara.

Sasa nafika palipokuuma wewe. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka aliporudi. Mdogo wako Esta alikuwa amezikwa mwaka wa pili wa kifungo cha Baba. Desturi ya kwetu unaijua, baba akirudi akakuta kaburi la mwanawe, yeye na mtoto wake mkubwa hubeba jiwe wakaliweka kichwani pa kaburi. Ulikuwa na miaka kumi na minne, jiwe umeshalitafuta, umelikalia ukimngoja. Baba akapita, akaingia ndani, hakwenda. Siku ile ndipo ulipoacha kumwita Baba.

Nilimuuliza na hilo pia, ndani ya basi la kurudi. Alisema Esta alikufa kwa njaa, na mikono yake yeye ndiyo iliyokamatwa na gunia la mchele ambalo halikufika. Aliona haifai kushika jiwe la mtoto huyo. Akasema, "Chrispin alinitazama nikashindwa."

Kaka, tumeambiwa kabla ya Oktoba wote tuwe tumehamia kijiji cha ujamaa, kule barabarani. Nyumba tunabomoa wenyewe, na kaburi la Esta litabaki huku, halina alama, na ng'ombe wa watu watapita juu yake. Mvua mbili tu hakuna atakayejua lilipo. Baba amelichagua jiwe, amelivingirisha mpaka mlangoni. Mume wangu Zefania alitaka kulibeba, akakatazwa. Mchungaji naye alileta vijana wa kwaya, wakakatazwa. Anasema ni jiwe la watu wawili.

Mama anakusalimu sana. Klara na mumewe wanakusalimu, na kale katoto wamekaita Esta. Zefania anasema uje na soksi nene za mgodini. Mungu awafunike wewe na wifi na watoto, akufungulie njia.

Baba sikupewa salamu zake. Nilimwambia naandika barua, nimwandikie nini Chrispin. Akasema nisiandike kitu, atakusalimu mwenyewe mkiwa mmeshika jiwe, yeye upande huu na wewe upande ule.

Ni mimi mdogo wako mwenye mdomo, nikupendaye siku zote,

Dorika