Kikao cha Ila

Jumatatu, 28 Oktoba 2024

Leo nimebebeshwa mzigo. Meneja, Mama Josephina, kaniita baada ya chai. Wiki iliyopita malori ya chama kikuu cha ushirika yalitumwa kijiji ambacho mahindi bado yako kwenye magunzi. Kijiji kingine magunia yamepangwa nje, tayari kabisa — lori halikwenda. Na hapa mjini lori lililojaa limelala getini siku mbili kwa sababu ghala halina nafasi!

Usafiri wanalaumu ghala. Ghala wanalaumu vijiji. Vijiji wanatulaumu sote, na wana haki.

Mama kasema nyie mnafanya kazi kama majirani waliokosana. Wewe waunganishe wenzako. Mvua ikikuta mahindi nje, mwakani hakuna mkulima atakayetuletea hata debe.

Mimi! Afisa mipango, hata mwaka sijamaliza. Nimejibu "sawa Mama." Basi, imetoka hivyo.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimezunguka idara zote. Nimegundua kitu. Ukimuuliza mtu "habari za kazi?" anasema nzuri. Kila mtu nzuri! Telesphor wa ghala: nzuri. Leonidas wa usafiri: nzuri sana dada. Kumbe ghala limejaa na malori mawili hayana matairi. Ni adabu yetu, hata kwenye msiba tunajibu nzuri kwanza, halafu ndiyo "ila…" Shida yote iko baada ya hiyo ila, na ofisini hatufiki huko.

Nimeamua. Kila asubuhi kabla ya kazi, kikao kifupi, tumesimama, simu katikati ya meza, makatibu wa vijiji wakiwa hewani. Hakuna kusema nzuri. Kila mtu anaanza na ila yake.

Alhamisi, 31 Oktoba

Kikao cha kwanza. Aibu! Katibu wa Usevya kasalimia watu wote mmoja mmoja mpaka salio langu likaisha.

Leonidas kasema yeye hana ila. Baadaye nikamsikia koridoni anamwambia mtu huyu binti wa makambini anataka kutuvua nguo mbele ya vijiji, halafu utaona malori yote yanaelekea kwao Mishamo.

Wa makambini. Baba yangu, aliyekuja mkimbizi kutoka Burundi, alipata uraia kabla mimi sijamaliza sekondari. Nimemeza. Kesho tena.

Jumatatu, 4 Novemba

Telesphor kafungua mlango! Kakohoa, kasema: "Ila… paa la ghala la pili linavuja. Mmenisikia? Linavuja. Nilikuwa nasubiri nipate fundi ndipo niseme."

Mama Josephina alikuwa amesimama nyuma. Nikaogopa atafoka. Akasema asante Telesphor, fundi anakuja leo. Basi! Chumba kizima kikapumua. Hapohapo katibu wa Usevya: ila kwangu magunia tupu yameisha. Katibu wa Mishamo: mimi yamezidi, njooni mchukue. Wamemalizana wenyewe, mimi nimeshika simu tu kama mtangazaji.

Nilitamani kucheza.

Ijumaa, 8 Novemba

Wiki hii hakuna lori lililolala getini. Hata moja! Telesphor anataja kila jioni nafasi iliyobaki ghalani, kesho yake Leonidas anapakia kwa kufuata hiyo. Madereva wanakiita Kikao cha Ila. Mlinzi kaniita Mama Ila. Nimecheka, lakini nimetembea mpaka Soko Kuu nimenyoosha mgongo. Nimenunua kitenge. Nilistahili.

Leonidas bado hasemi ila yake. Leo kanifuata pembeni, sauti ya chini: dada, mvua iko karibu, Ijumaa ijayo ni zamu ya Mishamo lakini naweza kuanzia kwa mzee wako Jumatatu. Nani atajua?

Nikamwambia: "Kaka, zamu tulipanga wote. Ukiivunja kwa ajili yangu, Jumanne hakuna atakayeniambia ukweli."

Kaniangalia. Kaenda zake. Usiku nimemfikiria Baba, magunia yake yako chini ya turubai bovu.

Ijumaa, 15 Novemba, asubuhi

Simu kabla hata ya kuoga. Leonidas! "Joséline, nina ila. Malori mawili yamekwama njia ya Usevya, tope mpaka kwenye ekseli. Mvua imepiga huko tangu alfajiri. Sijamwambia mtu mwingine. Nimeona niseme sasa, nisingoje kikao."

Zamani mtu huyu angeficha mpaka jioni! Nimemshukuru mpaka akaona haya.

Kikaoni dakika chache tu. Mahindi ya Usevya tayari yanalowa, lazima yafuatwe. Malori yaliyobaki ya kuzunguka kwa njia ya juu ni yale ya Mishamo. Hakuna mengine. Wote wakaniangalia. Nikavuta simu, nikasema mwenyewe, nisimwachie mtu: Mishamo, ila malori yenu leo hayaji. Yanakwenda Usevya. Kwenu ni kesho, Mungu akijalia.

Katibu wa Mishamo: "Tumesikia." Leonidas kaweka mkono begani kwangu, akatoka kuwasha injini mwenyewe.

Ijumaa hiyohiyo, mchana, ofisini

Baba kapiga. Alipoanza Kirundi nikajua hasira imefika. Kwamba nimewaweka wa kwao nyuma. Kwamba mama kanizaa ili nini. Nilimwacha amalize. Nikasema Baba, mahindi ya Usevya yamelowa. Yenu bado makavu.

Kakata simu. Nimekaa nimeinamia meza. Sikulia. Nilikaribia tu.

Sasa hivi kapiga tena. Nyuma yake kelele — watu wanaitana, mtu anacheka, kitu kinaburutwa sakafuni. Nikauliza kuna nini.

"Tumetoa mabenchi kanisani," kasema. Anahema. "Padri kakubali. Magunia ya kijiji kizima yanaingia ndani. Mngetuambia jioni tungekuwa tumekaa barabarani tunangoja malori." Halafu akamwambia mtu pembeni, si mimi, lakini kwa sauti ya kusikika: "Ndiyo, huyu ni Joséline wangu, wa ofisi kuu."

Nikataka kusema kitu. Akasema hana nafasi, ana gunia begani, mawingu yameshafika juu ya shule.

Amekata. Simu bado ina joto mkononi. Hapa mjini matone ya kwanza yanapiga bati. Leonidas hajapiga kutoka Usevya. Mama Josephina kachungulia mlangoni anauliza malori yamefika wapi, nami namjibu, nimesimama wima kabisa: ila… sijui bado, Mama.