Nani Aweke Mkono Kwenye Kibao cha Kumi

Jumanne, 5 Machi

Kibao cha kumi bado hakina mtu! Kamati imekaa asubuhi nzima kwenye viti vya plastiki mbele ya ukuta wetu, imemaliza chai yote, imeondoka. Mimi na nyapara tumebaki tunaitazama fremu tupu kama watu waliofiwa.

Nikija kusoma haya uzeeni nitadhani nilikuwa na homa, kwa hiyo nijieleze. Ukumbi huu wa muziki tunaukarabati tangu mwaka juzi. Mwenye Ukumbi — mzee asiyesikia sikio la kushoto kwa sababu ya spika — anataka ukuta wa vibao kumi vya zege pale mlangoni. Kila kibao, mwanamuziki mmoja wa roki. Tunamwaga zege laini kwenye fremu, tunalingoja lishike kidogo, mtu anakuja anagandamiza viganja, basi. Eti miaka mia ijayo watu watapita pale waseme: kumbe yule alikuwa na mikono hii.

Tisa tumemaliza. Mmoja aliacha pete ndani, tukaichokoa kwa msumari huku mkewe analia. Mpiga ngoma mmoja hakugandamiza — alipiga! Zege likaruka mpaka kwenye suti ya Mwenye Ukumbi. Mwingine alitaka kuweka na nyayo. Tukamkatalia. Miguu yake ilizidi kibao.

Sasa huyu wa kumi. Nusu ya kamati inamtaka mpiga gitaa anayeitwa Msumeno. Nusu inamtaka mwimbaji, Bibi Ngurumo. Walikuwa bendi moja, wakagombana, hawajasemezana tangu nywele zao zilipokuwa nyeusi. Na swali la kamati ni moja tu: nani kati yao atakumbukwa na vizazi vijavyo?

Mimi vizazi vijavyo havinihusu. Kinachonihusu ni kwamba Mwenye Ukumbi amesema hakuna likizo mpaka kibao cha kumi kijae. Na mimi nimeshakata tiketi. Jumapili asubuhi. Basi la kwetu ni moja kwa wiki.

Jumatano, 6 Machi

Mama watoto amepiga simu wakati wa chakula. Mtoto wetu wa mwisho nilimwacha anatambaa. Sasa anaongea, anagombana na kuku. Mama watoto akampa simu: haya, msalimie baba. Akaisalimia simu. Akaibusu. Anadhani simu ndiyo baba! Chaji ikiisha anawaambia wenzake, nyamazeni, baba amelala.

Mama watoto akacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaenda bombani kunawa uso, mkono ulikuwa na mchanga, macho yakazidi kuwasha.

Nikamwuliza, wewe mwenzangu, kati ya wanamuziki wote wa roki, unadhani nani atakumbukwa? Akasema yeye anamkumbuka mwanaume mmoja aliyeaga kwamba anakwenda kwa miezi sita. Huyo bado anamkumbuka, ila sura imeanza kumpotea.

Nikasema mtandao unakatikakatika. Ulikuwa mzuri tu.

Alhamisi, 7 Machi

Sasa hata mafundi wamegawanyika. Nyapara ni mtu wa Msumeno. Betri — mchomeleaji ninayelala naye kontena moja, tunamwita hivyo kwa sababu mdomo wake hauzimiki — ni mtu wa Bibi Ngurumo. Tangu asubuhi hawasemezani. Wanapitishia kwangu.

"Mwambie mwenzako anipe koleo," anasema nyapara.

Betri yuko hapo hapo, wanaweza kushikana mashavu. "Mwambie mzee koleo lipo miguuni pake, kama gitaa halijamla macho."

Nikawaambia jamani, mimi si posta.

Nyapara anasema mwimbaji ni sauti, na sauti inazeeka, lakini gitaa hata mjukuu atalipiga, na akilipiga atapita njia ya Msumeno tu. Betri anasema nenda kokote, simamisha mtu, mwambie akuimbie gitaa. Atafanyaje? Njenjenje? Mtu anaimba maneno! Nyapara akatutuma wote mchanga.

Jioni nimemwomba Betri anisikilizishe. Ikiwa safari yangu iko mikononi mwa hawa watu, heri niwajue. Akanivalisha visikilizio vyake, kwanza Msumeno. Mungu wangu. Mtu anakata bati, na paka yumo ndani ya bati. Nikamwambia nyapara baadaye kwamba ni mzito sana. Akafurahi.

Kisha Bibi Ngurumo. Nilitarajia mapenzi, wote huimba mapenzi. Huyu anaidai sufuria! Jirani kaazima sufuria, hajarudisha, na mama wa watu ananguruma ngoma na magitaa yote nyuma yake, rudisha, rudisha, rudisha. Mahali fulani anaivuta hiyo "rudisha" mpaka nikajikuta mimi ndiye ninayevuta pumzi kwa niaba yake. Ghafla si sufuria tena anayoidai. Sijui anadai nini. Nimemwambia Betri wimbo ni wa kawaida, ila nikamwomba aurudie.

Ijumaa, 8 Machi

Imekwisha! Na nimeimaliza mimi, ingawa hakuna atakayejua.

Kamati imekaa tena. Mmoja anasema atakumbukwa aliyeuza kanda nyingi. Mwingine, mwenye miwani, anasema hapana, katika roki wanaokumbukwa ni wale waliokufa wangali vijana. Mwenye Ukumbi akageuza sikio zima: "Sasa aliyekufa atakujaje kuweka mkono?" Yule wa miwani akasema yeye anatoa hoja tu. Wakaanza kuulizana kama kuna hata mmoja wa vibao tisa vya mwanzo anayestahili. Hapo nikaona wanataka kubomoa! Nilikuwa napita na ndoo. Sijui nini kilinisukuma. Nikasema, samahani wakubwa zangu, kibao kina nafasi ya viganja viwili. Si kila mmoja aweke kimoja?

Yule wa miwani akaniangalia kama ndoo imesema.

Mwenye Ukumbi akauliza nimesemaje. Nilikuwa upande wa sikio bovu. Kabla sijarudia, nyapara akanifukuza niende kazini. Nilipofika kwenye mchanga nikamsikia Mwenye Ukumbi kwa sauti kubwa: jamani, nimepata wazo!

Wamepiga makofi. Kesho saa kumi alasiri, wote wawili. Mkono wa kushoto wa Msumeno, wa kulia wa Bibi Ngurumo.

Nimefua shati la safari.

Jumamosi, 9 Machi

Ee. Nianzie wapi.

Mchana Mwenye Ukumbi kaja na sharti jipya: zege lazima liwe gumu ifikapo magharibi, kioo cha kukinga kifungwe leo leo. Lisipokuwa gumu, nani atalilinda na kulimwagilia? Akanionyesha mimi kwa fimbo. Wewe. Utasafiri basi la wiki ijayo.

Wiki ijayo! Nikaenda stoo. Kuna dawa ile ya kugandisha zege haraka, tunaitumia panapovuja maji. Nyapara alikuwa amesema tusiiweke kwenye vibao. Nikaweka kifuniko kimoja. Nikamfikiria mtoto anaibusu simu. Nikaweka cha pili.

Saa kumi wakafika. Msumeno ni mzee mwembamba, koti la ngozi linamvaa yeye badala ya yeye kulivaa. Bibi Ngurumo ni mfupi! Sauti ile yote, na kimo anafika kwenye kifua changu. Bangili mpaka kiwikoni. Hawakuangaliana.

Nani atangulie? Nusu saa wakabishana, kwa kupitia Mwenye Ukumbi. Mwambie nilianzisha bendi mimi. Mwambie bendi bila mimi ilikuwa kelele za karakana. Nilishamwaga zege tayari, nimeshika mwiko, jasho linanitoka mgongoni kwa sababu naliona linavyopoteza mng'aro. Msumeno akachoka na maneno, akainama, akagandamiza. Safi! Kiganja kizuri, kimezama sawasawa. Picha, picha, picha.

Zamu ya mama. Kwanza bangili, moja moja. Kisha miwani akaivua kwa ajili ya picha. Kisha akaomba kusema mawili matatu. Akaanza tangu alipozaliwa! Vizazi vijavyo, wajukuu wa wajukuu, mkono huu ulishika maikrofoni wakati wanawake hawakuruhusiwa hata kushika waya wake. Watu wanafuta machozi. Mimi naligusa zege kwa kidole, kwa siri. Ni kama kugusa meza.

Nikamnong'oneza, "Mama, tafadhali, weka mkono."

"Tulia, mwanangu. Historia haikimbizwi."

"Historia sawa, mama. Zege ndilo linakimbia."

Watu wakacheka, wakadhani ni maneno ya kupendezesha shughuli. Akaongeza salamu kwa majirani zake wa zamani.

Akagandamiza. Kwa nguvu zote, mpaka akafumba macho. Akainua mkono juu, makofi yakalipuka. Bila miwani hakuona. Watu waliutazama mkono, sio kibao. Mimi niliona. Vijidoa vinne hivi vya ncha za vidole, kama paka amepita akiwa na haraka. Kiganja hakuna.

Nilipaswa kusema. Kulikuwa na sekunde ya kusema. Nikafunga kioo.

Ukisimama walipo watu, kioo kinaakisi taa, huoni kitu. Betri peke yake alisogea karibu, akatazama, akanitazama. Hakusema neno. Betri! Nimeogopa kimya chake kuliko kelele zote za nyapara.

Mwenye Ukumbi amesaini likizo yangu. Nenda, umefanya kazi nzuri.

Jumapili, 10 Machi

Nimo ndani ya basi. Halijaondoka, kondakta bado anapanga magunia juu. Kiti cha dirishani, mstari wa tano kutoka nyuma. Naandika ili niwe nimeinama.

Betri kapiga simu sasa hivi. Sauti ya kufiwa. Kaka, Bibi Ngurumo amekuja. Amekuja asubuhi kabla ya jua kali, na wajukuu zake, kuwaonyesha. Akaomba kioo kifunguliwe. Wajukuu wakatazama, mmoja akauliza, bibi, wa kwako uko wapi? Bibi akavaa miwani. Akatazama muda mrefu. Nikamwuliza Betri, akasemaje? Akasema hakusema kitu, kaka, ndilo tatizo. Kisha akauliza yule fundi yuko wapi.

Nyapara amepiga mara nyingi. Sijapokea. Nimemtumia ujumbe: zege lichongwe kwa tindo, limwagwe jipya, hata Betri anaweza. Akajibu: MAMA ANASEMA ALIYELIHARIBU NDIYE ALITENGENEZE. Herufi kubwa zote.

Kuchonga siku moja. Kumwaga siku moja. Basi wiki ijayo. Wiki tu, mtu mwingine atasema. Lakini mama watoto ameshaandika: umeondoka? Mtoto amevaa viatu tangu alfajiri, anakataa kuvua, anasema baba anakuja na miguu.

Baba anakuja na miguu.

Gari dogo la ukumbi limeingia stendi. Nimelijua kwa taa moja iliyopasuka. Nyapara anashuka. Upande wa pili anashuka — Mungu nisaidie — mama mwenyewe. Bangili zote.

Nyapara anapita dirisha hadi dirisha kwa nje. Nimejifunika kofia. Amepita. Ameangalia shati safi, hakunijua, amezoea kuniona na vumbi.

Mama kapanda ndani.

Kondakta amemzuia mlangoni: mama, kama husafiri, shuka, tunaondoka. Akamwambia, hivi wewe hunijui? Kondakta kasema, mama yangu, abiria ni wengi, nitawajua wote? Watu wamecheka. Nyuma yangu mzee mmoja anamwuliza mkewe, ndiye mwenye basi nini? Mkewe anasema hapana, huyo anauza dawa za mgongo, ngoja atoe begi.

Hacheki. Amesimama kwenye njia, mfupi vile, anashika kiti kimoja, anashika kingine, anatazama nyuso. Mwanzoni alikuwa ananitafuta mimi. Sasa naona hatafuti mtu mmoja. Anaangalia mtu, anangoja. Mtu anaangalia dirishani. Anaangalia mwingine.

"Hakuna hata mmoja humu?" Kasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Bila ngurumo.

Dereva kawasha injini, kiti kinatetemeka, mwandiko unaharibika. Kondakta kamshika kiwiko, kwa heshima, anamgeuza mlangoni. Simu mfukoni inaita, ni nyumbani.

Namjua mimi. Naandika tu hapa, ninamjua, ni Bibi Ngurumo, aliyeidai ile — mbona mama wa kiti cha pembeni ananitazama? Mbona wote wamegeuka? Nimesema kwa sauti? Kondakta amemwachia kiwiko, naye anakuja huku, na basi limeanza kusogea —